Kurudia filamu za kisayansi kutoka 1968 hadi leo: uzoefu wangu na huduma ya mtandaoni nikiwa Kigoma

Kwa muda sasa nimekuwa nikilipia huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni, na sehemu kubwa ya muda huo nimeitumia kurudia filamu za kisayansi ambazo wengi wetu hapa Kigoma tulizijulia katika vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji, zikisimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu na wenzake, kwenye kanda zilizonakiliwa mara nyingi kiasi kwamba usiku na mchana vilikaribia kufanana. Ninachotaka kueleza ni namna filamu hizo zinavyoonekana leo kupitia huduma hiyo, na kulijibu swali ambalo mpwa wangu hunirushia kila ninapowasha filamu iliyotengenezwa kabla hajazaliwa: "Mjomba, hiyo si ya zamani? Si picha itakuwa mbovu?" Jibu langu ni kwamba mwaka wa filamu hauelezi ubora wa picha yake, na kwamba filamu zilizochakaa kuliko zote machoni pangu ni za mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati zile za miaka ya 1960 na 1970 bado zinasimama imara.

Ninatumia televisheni ya inchi 43 yenye ubora wa 4K (yaani vinukta vya picha, au pikseli, mara nne ya HD kamili), sabufa ya kawaida, na intaneti ya bando. Kabla ya kuihukumu filamu yoyote ilinibidi niingie kwenye menyu ya televisheni na kuzima kipengele kinacholainisha mwendo. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, lakini televisheni nyingi za siku hizi hutoka dukani zikiwa zimeamriwa kubuni fremu za ziada katikati ya zile za asili, ili mpira uonekane ukitambaa vizuri uwanjani. Kwa mpira haina shida. Kwa filamu, ulaini huo huifanya kazi iliyogharimu mamilioni ya dola ionekane kama tamthilia ya sebuleni, na chombo cha angani kilichojengwa kwa ustadi hufichuka mara moja kwamba ni kimodeli. Anayetaka kulinganisha filamu za miongo tofauti bila kwanza kukizima kipengele hicho anailinganisha televisheni yake, wala si filamu.

Nilianza na 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968, yaani mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezini. Ilipigwa kwenye mkanda mpana wa milimita 65, ambao umehifadhi mambo madogo mengi kiasi kwamba ulipopitishwa kwenye skana za kisasa uliijaza picha ya 4K bila taabu yoyote. Kipande ninachokirudia ni kile cha mwanaanga anayekimbia mazoezi ndani ya chumba cha duara huku akirusha ngumi hewani, sakafu ikipanda mbele yake na kuinuka tena nyuma yake. Hakuna kompyuta iliyochora picha hiyo. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilijenga gurudumu halisi lenye kipenyo cha karibu mita 12 na uzito wa takriban tani 30, gurudumu likawa linazunguka na mwigizaji akikimbia mahali pale pale ndani yake, sehemu ya chini. Kwa sababu chumba kipo kweli, mwanga unaomwangukia mkimbiaji ni mwanga wa mahali alipo, na jicho haliulizi swali. Nje ya chombo hakuna mlio wowote, kwa kuwa sauti haisafiri mahali pasipo na hewa, na ukimya huo bado unatisha kuliko milipuko ya filamu nyingi za baadaye. Ni filamu ya polepole mno, lazima niseme. Mpwa wangu alisinzia kabla haijafika nusu, na simlaumu.

Kuhusu Star Wars ya George Lucas ya mwaka 1977, nina malalamiko yanayoihusu huduma zaidi kuliko filamu. Lile dude la vita linalopita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa filamu, na linaloonekana kama halitaisha kupita, lilikuwa kimodeli kisichofika mita moja, kilichopigwa na kamera iliyoongozwa kwa kompyuta ili iweze kurudia njia ile ile mara nyingi bila kukosea. Kipande hicho hakina hata ufa. Tatizo ni kwamba toleo lililowekwa kwenye huduma limetokana na lile lililofanyiwa mabadiliko mwaka 1997, ambapo wanyama na viumbe waliochorwa kwa kompyuta waliongezwa humo, na hakuna mahali popote kwenye maelezo ya huduma panapomwambia mteja jambo hilo. Matokeo yake unaona ndani ya filamu moja vitu vya 1977 vikiwa kando ya vitu vya 1997, na vilivyozeeka ni hivi vya pili: mnyama anapita mbele ya askari jangwani, ngozi yake inang'aa kwa jua ambalo halimfikii mtu mwingine yeyote pale. Hali ni hiyo hiyo kwa Blade Runner ya 1982, ambayo ina matoleo kadhaa, likiwemo la kwanza lenye sauti ya mhusika mkuu akijisimulia na lile la mwisho la mwaka 2007. Anayelipia anastahili kuambiwa analipia lipi.

Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ndiyo iliyonipa raha kuliko zote, na pia ndiyo iliyoiaibisha huduma. Wengi hawajui kwamba aliyevaa vazi la lile dubwana alikuwa kijana wa Kinigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi jijini London, mwenye urefu uliozidi mita mbili na mwili mwembamba usio wa kawaida. Vazi lilitokana na michoro ya msanii wa Uswisi, H. R. Giger. Dubwana hilo huonekana kwa muda mfupi tu: mkono, taya, mate yanayodondoka, kisha giza. Ni giza hilo ndilo linaloisumbua intaneti yetu. Mkanda wa filamu una chembechembe ndogo zinazotembea bila mpangilio katika kila fremu, na programu inayobana picha ili isafiri kwa urahisi hushindwa kuzibana chembechembe hizo, kwa sababu hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Kasi ya mtandao ikishuka, kama inavyoshuka hapa kila jioni watu wanaporudi nyumbani na kushika simu, korido nyeusi za chombo hugeuka kuwa vipande vya mraba vya kijivu vinavyorukaruka. Mtazamaji asiyejua atasema filamu imechakaa. Nimeitazama filamu ile ile alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi, na korido zilirudi kuwa korido, zenye kina na unyevu.

Miaka ya mwanzoni mwa 1990 ni kipindi cha pekee, kwa sababu kompyuta ilikuwa imeingia lakini ilikuwa ghali mno kutumiwa ovyo. Terminator 2 ya James Cameron, ya mwaka 1991, ina takriban dakika tano tu za picha za kompyuta katika filamu inayozidi saa mbili. Tazama kile kipande ambacho muuaji wa metali ya maji anapita katikati ya nondo za lango hospitalini: uso unagawanyika, unajiunga tena, mwili mzima unapita, kisha bastola aliyoishika inakwama kwenye nondo, analazimika kuigeuza ili aipitishe. Sekunde hiyo moja ya kukwama ndiyo inayokufanya uamini kila kitu kilichotangulia. Ninaonya tu juu ya toleo lililosafishwa mwaka 2017, ambalo chembechembe zake zilifutwa kwa bidii kupita kiasi hadi nyuso za waigizaji zikawa kama sanamu za nta.

Jurassic Park ya 1993 iko kwenye kundi hilo hilo. Dinosaria wake wanaonekana kwa takriban robo saa tu kwa jumla, na sehemu kubwa ya muda huo ni mashine halisi zilizojengwa na kikosi cha Stan Winston. Lile dubwana kubwa lililoshambulia magari usiku wa mvua lilikuwa na ngozi ya mpira wa povu iliyofyonza maji, likawa zito na kuanza kutetemeka lenyewe, ikabidi mafundi walikaushe kila baada ya muda. Mvua na giza pia viliisaidia kompyuta kuficha udhaifu wake.

Kisha ikaja miaka ya 2000, na hapa ndipo nilipochoka. Filamu ya pili ya hadithi ya awali ya Star Wars, Attack of the Clones ya mwaka 2002, ilipigwa yote kwa kamera za kidijitali zenye picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080. Wakati ule ilikuwa hatua ya kujivunia. Leo maana yake ni kwamba hakuna mkanda wa kurudia kupitisha kwenye skana. Kilichonaswa siku ile ndicho kilichopo, na televisheni ya 4K hulazimika kukivuta tu. Isitoshe, waigizaji walisimama mbele ya vitambaa vya rangi moja wakiangalia vitu visivyokuwepo, na macho yao yanasema hivyo. The Matrix Reloaded ya 2003 nayo ina pambano maarufu la mtu mmoja dhidi ya umati wa watu wenye sura moja, ambapo ghafla miili ya kweli inabadilishwa na ya kompyuta, na mtu anaruka bila uzito, nguo haikunjamani ipasavyo, ngumi inatua bila kishindo. Ukiweka kando yake The Matrix ya 1999, ambayo kile kipande cha kukwepa risasi kilipigwa kwa kamera za picha za mnato zipatazo 120 zilizopangwa kumzunguka mwigizaji halisi, utaona kwamba ile ya zamani ndiyo mpya.

Ipo filamu moja ya kipindi hicho ninayoitetea. 28 Days Later ya Danny Boyle, ya 2002, ilipigwa kwa sehemu kubwa na kamera ndogo ya Canon ambayo mpiga video wa harusi angeweza kuimiliki. Picha yake ni duni kwa kipimo chochote, lakini uduni huo unaendana na jiji la London lililoachwa tupu, na sioni ambavyo picha safi ingeifaa zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunacho bila kufundishwa, nacho ni maji. Mtu aliyezoea kuangalia boti zikiondoka Kibirizi upepo ukiwa umeanza hadanganyiki kirahisi. Vimodeli vinaweza kudanganya kwa vumbi, lakini tone la maji halipunguzwi: ukipiga chombo cha mita moja kwenye bwawa, matone yatakayoruka yatakuwa makubwa kama machungwa ukilinganisha na chombo, na hapo siri imetoka. The Abyss ya 1989 ilikwepa mtego huo kwa kuchora kwa kompyuta mkono wa maji unaosimama hewani, kipande cha sekunde 75 hivi ambacho bado kinapendeza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona maji ya namna hiyo na kuweza kuyakosoa. Interstellar ya Christopher Nolan, ya 2014, ilichanganya: waigizaji walisimama kweli kwenye maji ya kina kifupi nchini Iceland, na wimbi la mlima likaongezwa baadaye. Maji ya magotini ni ya kweli kabisa. Wimbi lenyewe ninalikubali kwa shingo upande, maana linakwenda kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye maji yoyote. Filamu hiyo hiyo ina kasoro ya sauti: muziki unafunika maneno kiasi kwamba bila sabutaito ungepoteza nusu ya maelezo, na sabufa inaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Kutoka barani kwetu, District 9 ya mwaka 2009, iliyopigwa Johannesburg kwa takriban dola milioni 30, imezishinda nyingi zilizogharimu mara tano ya hapo. Viumbe wake wa kompyuta wamewekwa kwenye jua kali, vumbi na mabati, wanafuatwa na kamera inayotikisika kama ya mwandishi wa habari, nao wanakaa mahali pao. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya iliyotoka mwaka huo huo, sikuipata kwenye huduma hii, jambo linalonikera kwa huduma inayojitangaza kwa wateja wa Afrika Mashariki.

Filamu za karibuni zimeanza kuukumbuka mkanda. Dune ya 2021 ilipigwa kidijitali, ikahamishiwa kwenye mkanda wa milimita 35, kisha ikarudishwa tena kwenye dijitali, ili tu ipate ule ulaini wa mkanda.

Kwa anayelipia kwa bando, ushauri wangu unahusu matumizi. Kutazama kwa 4K kunaweza kula hadi GB 7 kwa saa, wakati ubora wa HD wa kawaida unakula chini ya nusu ya hapo. Filamu za kidijitali za 2002 hadi 2005 zitazame kwa HD, kwani nyingi kati yake hazina kitu cha ziada cha kukuonyesha. GB zako ziwekee ile ya 1968 na ile ya 1979, na uzitazame alfajiri. Huduma yenyewe naipa nyota tatu kati ya tano: picha ni nzuri mtandao ukiruhusu, bei inavumilika, ila nyota mbili nazishikilia mpaka waanze kuandika ni toleo gani la filamu wanaloonyesha.