Kuhamia HD kwa dishi: king'amuzi kipi ununue, kipi uache

Kwa miezi minane nilitazama HD isiyo HD. Kifurushi nimelipia, king'amuzi kipya kimekaa chini ya runinga, kumbe fundi alikiunganisha kwa ule waya wa pini tatu: nyekundu, nyeupe, njano. Waya wa njano haupitishi HD hata ukiubembeleza. Waya wa HDMI, ule unaopitisha HD, ulikuwa bado kwenye boksi, umefungwa na kipande chake cha plastiki. Ndiyo maana hapa chini nimevipanga ving'amuzi kwa kuangalia kitakachokufikia machoni. Maandishi ya kwenye boksi niliyaamini mara moja, yakanitosha.

Kwanza kabisa, chukua futi upime toka unapokaa mpaka kwenye kioo cha runinga. Picha ya zamani ina mistari 576 (480 katika baadhi ya nchi), HD ina 720 au 1080. Mtu mwenye macho mazuri akikaa mbele ya runinga ya inchi 32, mistari ile 576 humyeyukia kabisa akifika kama mita mbili na nusu. Ukikaa mita tatu, tofauti utakayoiona itatokana zaidi na picha kubanwa kidogo kuliko na wingi wa mistari. Kwenye inchi 55, umbali huohuo unaacha nafasi kubwa ya kuona HD. Kwa hiyo mwenye runinga ndogo na sebule ndefu asikimbilie.

Dishi je? Mara nyingi lilelile linatosha. Hakuna "dishi la HD"; mawimbi yanayoteremka toka setilaiti ni yaleyale, kilichobadilika ni jinsi picha inavyofungashwa ndani yake. Chaneli nyingi za HD hurushwa kwa DVB-S2, mfumo wa kurusha matangazo kwa setilaiti uliopitishwa mwaka 2005, na picha yenyewe hubanwa kwa njia iitwayo MPEG-4. King'amuzi cha zamani hakiisomi lugha hiyo, basi. Dishi litaguswa tu kama chaneli za HD ziko kwenye setilaiti nyingine, au kama lilikuwa limepinda tangu zamani ukavumilia.

Namba moja, kwa watu wengi, ni king'amuzi cha HD cha kawaida cha mtoa huduma, kisicho na mbwembwe. Kinafungua chaneli unazolipia, kina HDMI, na kikiharibika unajua pa kukipeleka. Kabla ya kulipa, omba orodha ya chaneli za kifurushi chako zinazorushwa kwa HD kweli, jina kwa jina. Vifurushi vinavyoitwa vya HD huwa na chaneli nyingi za picha ya zamani, ambazo king'amuzi kinazitanua tu zijae kioo. Kama mechi unazofuatilia ziko kwenye chaneli hizo, unalipia jina. Uliza pia king'amuzi ni mali yako au umeazimwa, na ukisitisha malipo nini kinabaki wazi. Kikishafungwa, ingia kwenye mipangilio ya picha uhakikishe kinatoa 1080 au 720. Usidhani kimewekwa hivyo.

Cha pili ni king'amuzi cha kurekodi. Ningekipa nafasi ya kwanza kama si suala la nyaya. Kurekodi chaneli moja huku unatazama nyingine kunahitaji njia mbili toka kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. LNB ya kawaida hupokea amri kwa umeme: volti 13 inaleta mawimbi ya wima, volti 18 ya mlalo. Waya mmoja hauwezi kubeba amri zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo utahitaji LNB ya matundu mawili na nyaya mbili, au ile maalumu inayotumia waya mmoja, ambayo lazima king'amuzi nacho kiielewe. Muuzaji hasemi haya mpaka fundi yuko juu ya paa. Nafasi si tatizo: chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa, kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 inabeba zaidi ya saa 130. Ila mara nyingi ulichorekodi kimefungwa kwenye king'amuzi hichohicho, ukibadilisha king'amuzi, umekipoteza.

Cha tatu, king'amuzi huru cha chaneli za bure. Unanunua mara moja, hudaiwi kila mwezi. Chaneli za kulipia hakifungui, na anayekuahidi kwamba kitafungua anakuuzia matatizo. Hakikisha kinasoma DVB-S2 na MPEG-4, na ikiwezekana HEVC, njia mpya zaidi ya kubana picha, maana chaneli zinahamia huko.

Runinga yenye king'amuzi cha setilaiti ndani yake naiweka ya nne. Rimoti moja, nyaya chache, raha. Lakini kwa chaneli za kulipia inahitaji kifaa cha kuchomekea kadi ambacho mtoa huduma wako amekikubali, na wengi hawakubali.

King'amuzi cha 4K, picha kali kuliko HD, ni cha mwisho. Chaneli zake bado chache.

Siku ya kufunga, mwombe fundi atumie waya wa dishi aina ya RG6 na viunganishi vilivyozibwa maji yasiingie. Na kabla hajashuka paani, akuonyeshe kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye kioo, si cha nguvu peke yake. Nguvu inaweza kujaa huku ubora unayumba, na mvua ya kwanza ikija picha inakatikakatika.