Miezi minane na kigeuzi cha sauti: simu, kishikwambi na dansi la zamani

Simu niliyonunua mwaka jana haina tundu la hedifoni. Nililijua hilo kabla ya kulipa, nikajiambia nitazoea hedifoni za Bluetooth kama wenzangu. Sikuzoea. Karibu kila usiku nasikiliza muziki wa dansi wa miaka ya sabini na themanini, bendi kama Mlimani Park, Juwata na Vijana Jazz, na katika nyimbo zile magitaa matatu huongea kwa wakati mmoja: solo, solo la pili na ridhimu, huku besi ikitembea chini yao. Kwa Bluetooth ya bei niliyoimudu, magitaa yote matatu yaligeuka kitu kimoja kinachong'ara. Nilijua ridhimu ipo kwa sababu niliikumbuka tangu utotoni. Masikioni haikuwepo.

Ndiyo nikaanza kutafuta waya.

Somo la kwanza lilinigharimu shilingi elfu tano. Pale Kariakoo nilimwomba muuzaji kitu cha kuunganisha hedifoni na tundu la chaji la Type-C, akanipa kipande kifupi cheupe, upande mmoja kichwa cha Type-C, upande wa pili tundu. Nyumbani nikachomeka, muziki ukaendelea kutokea kwenye spika ya simu kana kwamba sijachomeka kitu. Nikadhani nimeuziwa kibovu. Hakikuwa kibovu. Vipande hivi viko vya aina mbili, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Aina ya kwanza ni waya mtupu. Unategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme wa hedifoni na kuipitishia kwenye tundu la chaji, na simu nyingi haziwezi kufanya hivyo. Aina ya pili ina chipu ndani, na chipu hiyo ndiyo kigeuzi chenyewe, kile ambacho watu wa studio hukiita DAC. Simu inatoa namba, kigeuzi kinazifanya umeme, hedifoni inaufanya umeme huo kuwa sauti. Apple ilipoondoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kile kiwaya kifupi kilichokuja ndani ya boksi kilikuwa na kigeuzi ndani yake, ingawa ukikishika mkononi hukioni popote.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba simu yako na hedifoni zako. Chomeka hapo hapo dukani, piga wimbo unaoujua. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Kipande changu cha pili kilikuwa cha aina sahihi, elfu thelathini na tano. Sauti ikatoka safi, ila ndogo mno. Nilipandisha mpaka mwisho na bado nilisikia feni ya chumbani kuliko mwimbaji. Hili nalo linawakuta wengi na linawafanya wakitupe kitu kizima. Kigeuzi cha namna hii huwa na kidhibiti sauti chake cha ndani, mbali na kile cha simu. Baadhi ya simu za Android hukiacha kile cha ndani kikiwa chini, na vitufe vya pembeni ya simu hupandisha kile cha simu peke yake. Dawa niliyoipata ni programu ya kulipia inayoitwa USB Audio Player PRO, ambayo inaongea na kigeuzi moja kwa moja na kukipandisha chenyewe. Nilipofanya hivyo, sauti iliruka kiasi kwamba nilizivua hedifoni haraka. Anza chini, tafadhali. Na kama simu yako haikioni kabisa kigeuzi, ingia kwenye mipangilio utafute OTG, yaani ruhusa ya tundu la chaji kutumia vifaa vya nje. Kuna simu ambazo swichi hiyo huja ikiwa imezimwa, na nyingine hujizima zenyewe ukikaa dakika kadhaa bila kutumia.

Programu hiyo ina faida nyingine. Muziki wa kwenye CD umehifadhiwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde. Kwa kawaida Android huchanganya sauti zote za simu mahali pamoja, muziki, meseji, michezo, na kuzigeuza zote ziwe 48,000 kabla ya kuzitoa. Programu inayokwenda yenyewe kwenye kigeuzi inapita nje ya mchanganyiko huo, na namba zinafika kama zilivyorekodiwa. Kuanzia Android 14, ya mwaka 2023, Google iliweka njia ya kufanya hivyo ndani ya mfumo wenyewe, lakini ni lazima simu na programu ya muziki ziwe zinaitumia. Sitadai kwamba nilisikia tofauti kati ya 44,100 na 48,000. Nilichofurahia ni kwamba mlio wa meseji haukunikatiza tena katikati ya wimbo.

Sasa nieleze nilichosikia, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Rekodi zangu nyingi za dansi ni mono, zimetoka kwenye tepu za redio, kwa hiyo hakuna gitaa lililokaa kushoto wala kulia. Kilichobadilika ni nafasi kati ya mpigo na mpigo. Tepu za zamani zina mvumo mwembamba nyuma ya muziki. Kwa Bluetooth yangu mvumo ule ulikuwa unachezacheza kama maji yanayochemka, ukinyamaza na kurudi kila ngoma inapopigwa, maana sauti hukamuliwa ili itoshe kusafiri hewani, na vitu vidogo ndivyo vinavyotupwa kwanza. Kwa waya, mvumo ukatulia, kama mvua ya mbali. Na juu ya utulivu huo manyanga yakatokea, kila mtikiso peke yake. Ridhimu ikatoka kwenye kivuli cha solo. Kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho muziki unapopamba moto, la wimbo mmoja ninaoujua tangu mdogo, niligundua kwamba mpiga besi anaacha pigo moja kila baada ya duru nne, anaacha kabisa, kimya, halafu anaingia na nota ya chini. Nimeusikiliza wimbo ule zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kulijua pengo hilo. Nikaurudisha mara sita.

Furaha hiyo ilinifanya nitake kikubwa zaidi. Baada ya miezi miwili nikaagiza FiiO KA3, kigeuzi cha mwaka 2021 kinacholingana na kiberiti cha gesi, chenye chipu ya ESS, tundu la kawaida la milimita 3.5 na jingine la milimita 4.4. Kina kitaa kinachobadilika rangi kulingana na aina ya faili linalopigwa, jambo linalosaidia kujua kama programu imewekwa sawasawa. Kwa jumla, usafiri ukiwemo, kilinigharimu zaidi ya mara saba ya kile kidogo.

Wiki ya kwanza niliapa kwamba tofauti ni kubwa. Halafu nikataka kuwa na hakika. Niliazima multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwa fundi redio wa mtaani kwetu, nikapiga mlio mmoja kwenye vigeuzi vyote viwili na kusawazisha volti, maana sikio likisikia kimoja kina sauti ya juu kidogo, husema hicho ndicho bora. Kisha binti yangu akawa anabadilisha waya nyuma yangu, mimi nikiwa na hedifoni ndogo za KZ ninazotumia kila siku, na kila mara nikimwambia nadhani ni kipi. Mara ishirini. Nilipatia kumi na moja. Hata kwa kubahatisha ningepata kumi.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza: kwa hedifoni ndogo, rahisi kusukuma, kigeuzi kidogo chenye chipu kinatosha. KA3 ilijilipa mahali pengine. Rafiki yangu wa studio aliniazima Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za ohm 250 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hedifoni kubwa za kufunika masikio. Kigeuzi kidogo kikipandishwa mpaka mwisho, zilisikika kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. KA3 ilizisukuma vizuri hadi nikashusha. Hedifoni za ohm nyingi zinataka volti, na kigeuzi kidogo hakina volti hizo za kutoa. Lile tundu la 4.4 sijaligusa hadi leo, kwani hedifoni zangu zote zina waya wa kawaida. Kama na zako ni hivyo, usilipe zaidi kwa ajili ya tundu hilo.

Kishikwambi kimenipa raha ya aina nyingine. Nina iPad Air ya mwaka 2020 niliyoinunua ikiwa imetumika, nayo haina tundu la hedifoni ila ina Type-C. Hapo hakuna cha kurekebisha: unachomeka, inakitambua kigeuzi, na programu ya Apple Music inabadilisha vipimo yenyewe kulingana na wimbo. Huduma hiyo ilianza kutoa muziki usiopoteza kitu kwa kukamuliwa Juni 2021, na nyimbo zenye vipimo vya juu ya 48,000 hazifiki kamili bila kigeuzi cha nje. Jumapili naiweka iPad juu ya kabati, KA3 ikining'inia, waya wenye kichwa cha milimita 3.5 upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili, moja kwa moja hadi kwenye amplifaya ya zamani ya marehemu baba. Sebule nzima inapata sauti ambayo sabufa yetu ya Bluetooth haikuwahi kuitoa.

Tatizo moja lilinisumbua siku mbili: mvumo mzito kwenye spika kila nilipochaji iPad kupitia kigawanyio, kipande chenye tundu la chaji na la kigeuzi, huku imeunganishwa na amplifaya. Nikachomoa chaji, mvumo ukakatika hapo hapo. Chaji na amplifaya zote ziko kwenye umeme wa ukutani, na waya wa sauti ukiziunganisha, duara linafungika na mvumo unapata njia. Tangu hapo naichaji iPad kwanza, ndipo nasikiliza.

Kitu ambacho hakuna kigeuzi kitakachokusaidia ni faili baya. Nyimbo nyingi nilikuwa nimejaziwa kwenye memori kadi na vijana wa mtaani, MP3 zilizokamuliwa mara mbili tatu, nyingine zikiwa zimezunguka WhatsApp kabla ya kunifikia. Kwa waya mzuri ubovu wake ulidhihirika zaidi. Nimeanza kuzikusanya upya kutoka kwenye CD, na naziweka kwa FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kuutupa. Hesabu ya nafasi ni hii: MP3 ya kilobiti 128 inakula takribani megabaiti moja kwa dakika. Muziki wa CD ukiwa mzima unakula kama kumi na nusu. Wimbo wa dansi wa dakika nane, pamoja na chemko lake, unakaribia megabaiti 85, na FLAC huupunguza kufikia karibu nusu bila kupoteza chochote. Ukisikiliza kwa intaneti kwa kiwango hicho, bando la wiki linaisha kabla ya Jumatano. Mimi napakua usiku nikiwa na Wi-Fi ya kazini, zamu yangu inaporuhusu, na njiani nasikiliza kilicho ndani ya simu.

Kero zipo pia. Vigeuzi vyote vinakula chaji ya simu. Safari ya Mbagala hadi Posta na foleni yake inanipunguzia asilimia ninazoziona. Huwezi kusikiliza na kuchaji kwa pamoja bila kigawanyio. Kipande kinaning'inia, na ukikaa kwenye daladala umebanwa, kinalivuta tundu la chaji, kwa hiyo mimi hukifunga na mpira mgongoni mwa simu. Kile kigeuzi kidogo hukwaruza masikioni mtandao unapokuwa dhaifu na simu inahangaika kuutafuta. Ukiweka hali ya ndege, mkwaruzo unakoma.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kulala kwetu. Yeye alicheza dansi kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo enzi za Sikinde, yaani Mlimani Park, ikiwa moto, na bado akitajiwa wimbo anakwambia aliyepiga gitaa. Nilimvalisha zile hedifoni kubwa, nikampigia wimbo wenye lile pengo la besi. Hakusema kitu mpaka ulipofika kwenye chemko. Akainua kidole, akakiacha hewani, na besi ilipoingia akakishusha.

"Mjomba," akaniambia, "pale ndipo tulipokuwa tunageuka."

Alinieleza kwamba ukumbi mzima uligeuka kwa pamoja kwenye ukimya ule, kila mtu na mwenzake, na ambaye hakujua alijulikana ni mgeni. Nikampigia tena. Nikampigia nyimbo nyingine nne hadi saa saba usiku.

Asubuhi aliniomba nimtafutie kigeuzi kama kile kidogo. Nikaiangalia simu yake: bado ina tundu la hedifoni, na alichokuwa anatumia ni hedifoni zilizokuja na simu aliyokuwa nayo zamani, upande mmoja umekufa. Nimemwambia kigeuzi kisubiri, tuanze na hedifoni. Jumamosi tunakwenda Kariakoo pamoja, na nimeshamwekea kwenye simu nyimbo tatu za kujaribia.