Kompyuta ya Zamani Yenye RAM Ndogo: Ununue Nini Kwanza?

Kabla ya kutoa hela, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ufungue sehemu inayoonyesha matumizi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Windows 10 na 11 huonyesha pia idadi ya sloti (nafasi za kuchomekea RAM) zilizojaa. Kwenye Linux, sudo dmidecode -t 16 hutaja kiwango cha juu ambacho bodi inakubali. Kama Windows yako ni ya biti 32, RAM yoyote inayozidi GB 4 haitakusaidia mpaka uweke ya biti 64.

1. RAM ya kuongeza. Kutoka GB 4 hadi 8 ndiko utakakoona tofauti kubwa. Kwa kivinjari na nyaraka, zaidi ya 16 ni kupoteza pesa. Soma lebo herufi kwa herufi. Mfano: 2Rx8 PC3L-12800S. PC3 ni DDR3, L ni volti 1.35, na S mwishoni ni ya laptopu. U ni ya kompyuta ya mezani. Ukiona R mahali pa hiyo S ya mwisho, hiyo ni ya seva: iache hata ikiwa rahisi kiasi gani, haitawaka. Hiyo L ndiyo huwaponza wengi, kwa sababu laptopu inayotaka volti 1.35 inaweza kugoma ikipewa DDR3 ya 1.5. Kinyume chake kwa kawaida hakina shida.

Kwenye laptopu: zima, chomoa chaja, toa betri. Ingiza RAM kwa mshazari, kisha ikandamize mpaka vibanio vyote viwili vilie. Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi haijakaa sawa. Itoe, futa pini kwa kifutio safi, rudia. Ikiwaka, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, imalize mzunguko mzima. Kosa moja tu linatosha kuirudisha dukani.

2. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, inchi 2.5. Haiongezi RAM, ila RAM ikijaa mfumo huhamishia data kwenye diski, na hapo diski ya kuzunguka ndiyo inayokwamisha kila kitu. Kama RAM imelehemiwa kwenye bodi na hakuna sloti, hii inapanda namba moja.

3. Jozi ya RAM zinazofanana. Inafaa zaidi kwa anayecheza gemu kwa grafiki za ndani ya prosesa.

4. Flashi ya ReadyBoost, njia ya Windows ya kutumia flashi kama akiba ya kuharakisha usomaji wa diski. Usiinunue kwa kazi hiyo. Ukiwa na SSD haina maana kabisa.

Programu za "kusafisha RAM" usizilipie: husukuma data kwenye diski, halafu ukirudi kwenye kivinjari inasomwa upya. Mtumiaji wa Linux awashe zram, ambayo hubana data ndani ya RAM yenyewe, tena ni bure.