Wapima kontua wa Marafa: nilichopata kwa Sh4,000 kwa ekari

Kama shamba lako liko Marafa, Garashi au kokote huko nyuma ya Malindi ambako ardhi inashuka na jembe linalia kwenye mawe, waite vijana hawa kabla hujanunua mbegu. Wanapima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko ili maji yasikimbie, wanaelekeza cha kupanda wapi, wanapigilia vigingi. Kubeba mawe ni kazi yako, au unawalipa kando. Mimi nimeridhika, na upande uliobaki nitawaita kabla ya vuli.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba hawakuja na zao mkononi. Walikuja na mtaimbo. Wakapita shamba zima wakiudunga chini kila baada ya hatua chache. Ulipogota kwa kina cha shubiri moja, walichomeka kijiti kitupu. Ulipozama hadi goti, walichomeka kijiti chenye jani. Walipomaliza, hata mtoto angeona shamba moja lina sehemu tatu: mgongoni ni changarawe tupu, ubavuni mchanga wenye kina, bondeni ule udongo mweusi ulioteremshwa na mvua za miaka yote.

Mgongoni wakasema kunde, pojo na ufuta, basi. Mazao hayo hukomaa mapema, na ufuta hauna haja na udongo unaotuamisha maji. Muhogo wakauhamishia ubavuni, kwa sababu mzizi ukikutana na jiwe unapinda, na siku ya kuvuna unakatikia ndani. Mbegu walizotaja ni Tajirika na Shibe, za kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa, nafasi mita 1 kwa 1. Mikorosho mita 12 kwa 12, lakini kila shimo lichunguzwe kwanza kwa mtaimbo: ukikutana na bamba la mwamba, sogea, maana mzizi mkuu wa mkorosho unataka kwenda chini. Mahindi ni ya bondeni peke yake.

Hapo ndipo baba mkwe alipokataa. "Sima haipikwi kwa ufuta," alisema. Kijana hakumbishia. Alichota changarawe ya mgongoni akamwekea kiganjani, akasema, "Kweli, mzee. Lakini mvua ikikatika wiki mbili tatu, hii itabakiza maji gani ya kulisha hindi?" Mzee akanyamaza, akaomba waanzie bondeni. Huku kwetu tumezoea kupanda mahindi kuanzia kileleni hadi mtoni, na kila mwaka ya juu ndiyo hukauka kwanza. Nilifurahi kulisikia likisemwa kwa heshima na mbele ya mwenye shamba.

Kupima kwenyewe wanatumia fremu ya A: fimbo mbili ndefu zilizofungwa juu, ya tatu imekatiza katikati, na uzi unaoning'iniza kichupa kilichojazwa mchanga. Kabla ya kuanza waliisimamisha, wakatia alama ya kalamu pale uzi ulipopita, wakabadilisha miguu nafasi, wakatia alama ya pili, kisha wakachonga kwa kisu katikati ya alama mbili. Uzi ukipita hapo, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Upepo ulipouchezesha uzi, mmoja alisimama upande wa upepo na kanga yangu ameitanua mpaka kichupa kikatulia. Hawakukisia hata kigingi kimoja.

Na mawe hawakuniambia niyaondoe yote. Madogo yabaki, yanazuia jua lisikaushe ardhi na matone yasiipige. Makubwa yapangwe kufuata vigingi: unachimba mfereji wa kina cha kiganja, makubwa yanakaa chini, madogo yanaziba upande wa juu. Maji yanapenya polepole, mchanga unabaki. Baada ya masika nimeona mchanga umejikusanya juu ya kila mstari, na kile kijito kilichokuwa kikikata shamba kutoka njiani hakikurudi. Anayedhani maji ni kitu kidogo aende akaone genge la Nyari hapa hapa Marafa, mvua na upepo zilivyolichonga. Halafu ateremke Malindi msimu wa mvua, aone bahari ilivyogeuka rangi ya matope ya mto Sabaki. Ndani ya matope yale mna udongo wa mashamba yetu, na mimi inaniuma kila nikiuona.

Sasa lawama. Walichelewa: waliahidi kuja ardhi ikiwa kavu, wakaja majirani wameshaanza kupanda. Pili, mistari waliipima kwa nafasi moja shamba zima, ilhali sehemu ya juu ni kali zaidi na mistari yake inapaswa kukaribiana. Nilipowaonyesha walirudi wakaongeza mstari bila malipo, lakini mteja asiyeuliza angebaki hivyo. Tatu, hawaachi karatasi yoyote. Andika mwenyewe wanachosema.

Dadangu mwenye ploti ya mawe ya matumbawe Watamu aliwaita pia, ingawa kule ni tambarare. Walimwagia udongo siki, ukatoa povu: chokaa. Wakamwambia asahau michungwa, kwa sababu kwenye chokaa mti unashindwa kufyonza madini ya chuma na majani yanageuka manjano. Ushauri huo peke yake umemwokolea pesa za miche.

Kando ya mistari yangu nimepanda mchaichai ushike mawe. Mbuzi wafungwe, maana wakipanda juu ya mawe wanayaangusha. Wapimaji waulizie kwenye maduka ya pembejeo sokoni. Na siku wakija, mwite jirani aliye juu yako, kwani maji yanaanzia kwake. Wakipima mashamba mawili kwa mpigo wanashusha bei hadi Sh3,000 kwa ekari.