Tairi kubwa kwa Prado: geuza rimu usome mgongo wake kabla ya kutoa pesa

Malalamiko ya wenye Toyota Prado za matoleo ya 120 na 150 waliohamia matairi makubwa yanafanana mno. Gari limefungwa rimu mpya na matairi manene, limependeza, na baada ya miezi michache usukani unapiga kwenye kila jiwe, beringi za mbele zinavuma, na tairi linakwangua plastiki ya madigadi kila gari linapokata kona. Lawama zote anabebeshwa mtengeneza tairi. Mara nyingi tairi halina kosa lolote. Kosa limeandikwa mgongoni mwa rimu kwa tarakimu ndogo, na muuzaji hakuigeuza rimu mnunuzi aione.

Tarakimu hizo ni ET. Ni milimita zinazotenganisha uso wa rimu unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu; zikipungua, au zikishuka chini ya sifuri, tairi linasogea nje. Rimu ya kiwandani ya Prado 150, inchi 17 kwa upana wa 7.5, ni ET25. Madukani utapewa ya upana wa inchi 8 yenye ET0, au ya inchi 9 yenye ET-12, kwa kuwa hizo hutokeza nje ya madigadi na watu wanapenda mwonekano huo. Piga hesabu. Ile ya inchi 8 inasogeza ukingo wa nje milimita 31. Ile ya inchi 9 inausogeza milimita 56, karibu upana wa vidole vitatu.

Kiwanda kimepanga uzito wa gari uangukie mahali beringi zinapoweza kuubeba. Ukisogeza tairi nje, rimu inageuka wenzo: uzito ni uleule, mzigo kwenye beringi na boljointi unaongezeka. Shimo ambalo usukani ulikuwa ukilimeza sasa linakuvuta mikono. Matope nayo yanarushwa hadi kwenye vioo vya milango.

Kuna imani moja inayogharimu watu wengi, kwamba rimu inayotokeza nje huzuia tairi kukwangua. Inazuia upande wa ndani tu. Unapokata usukani, tairi linazunguka kuufuata mhimili wa boljointi, na kadiri linavyokaa mbali na mhimili huo ndivyo duara lake linavyopanuka. Kona ya nyuma inagonga plastiki na mguu wa bodi kwenye chesisi, kona ya mbele inagonga bampa. Ndiyo maana tairi la 265/70R17 (upana wa milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 17) ambalo halikugusa kitu kwenye rimu ya kiwandani linaanza kukwangua kwenye ET0. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu, ni ugonjwa uleule: spesa ya milimita 30 inaifanya ET25 iwe ET-5.

Kama rimu haina maandishi, ilaze kifudifudi, weka rula ndefu juu ya mgongo wake kutoka ukingo hadi ukingo, kisha pima kutoka kwenye rula hadi uso unaokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote, ukihesabu kingo. Rimu ya inchi 7.5 huwa na takribani milimita 216 ukingo kwa ukingo, nusu yake 108. Ukipata kina cha 133, hiyo ni ET25. Muuzaji anayekataa rimu isipimwe, mwache na rimu yake.

Tundu la katikati nalo lisomwe. La Prado ni milimita 106.1 na nati sita kwenye duara la 139.7. Rimu za Nissan Patrol Y61 zina matundu sita yaleyale, lakini la katikati ni 110, hivyo rimu haikai sawasawa juu ya habu, na gari linaweza kutetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 110 hata balansi ikirudiwa mara tano. Za Ford Ranger zina 93.1, haziingii kabisa. Tena angalia nati. Nati za rimu za aloi za Toyota zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za madukani zinataka nati ya koni ya nyuzi 60. Nati ya shingo kwenye tundu la koni haikai, inashika kwa ukingo tu, na italegea barabarani.

Sasa machaguo, kuanzia lililo bora.

La kwanza, wala halina mpinzani: baki na rimu zako za inchi 17 za kiwandani, uvishe 265/70R17 ya BFGoodrich All-Terrain KO2, au KO3 ukiipata. Kutoka 265/65R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803. Gari linanyanyuka milimita 13 chini ya difu, spidomita ikionyesha 100 unakwenda karibu 103, na huhitaji springi ndefu. Napendelea BFGoodrich kwa sababu ya ukuta wa pembeni wenye tabaka tatu. Kwenye barabara za mawe makali, tairi hufa kwa kupasuliwa ubavu kabla kashata hazijaisha, na ubavu uliochanika hauzibiki. Aibu zake ni uzito, bei, na kwenye udongo mweusi wa mbuga linajaa tope kama tairi lolote la aina yake.

Upepo wake usiufuate ule wa kibandiko cha mlangoni. Tairi la LT, yaani la magari ya mizigo midogo kama hili, linahitaji psi zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo anza na 36 hadi 38 kwenye lami ukiwa na abiria na mizigo. Kwenye rafu rodi shuka hadi 26 na upunguze mwendo. Mchangani 18, taratibu.

La pili ni kwa wenye Prado 150 ya rimu za inchi 18. Shuka hadi 17 za kiwandani zilizotumika, zisizopinda. Kutoka 265/60R18 kwenda 265/70R17, ubavu wa tairi unakua kutoka milimita 159 hadi karibu 186, na hiyo ndiyo nafuu halisi kwenye makorongo na mawe, kuliko kipenyo.

Asiyetoka sana kwenye lami atapata utulivu zaidi kwa Yokohama Geolandar A/T G015. Kipimo hichohicho kinauzwa katika aina mbili, yenye LT mbele ya namba na isiyo nayo. Mwenye kubeba mizigo achukue LT.

La tatu, 285/70R17, milimita 831. Hili silipendekezi kwa gari la kila siku. Spidomita inadanganya kwa asilimia 7, injini ya 2.7 ya petroli inachoka milimani na gia inapanda na kushuka bila kutulia. Utahitaji kuinua gari milimita 50, kukata plastiki, pengine kukata na kuchomea upya mguu wa bodi, kisha alaimenti. Kama spea yako inaning'inia chini ya gari, hakikisha inaingia.

Tairi za bei ya chini zinafaa kwa gari lisilotoka mjini. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nunua matano. Prado hizi kwa kawaida huendesha magurudumu yote wakati wote, na spea ya kipimo cha zamani inailazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika.

Dukani, iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, dai kuona tarehe kabla tairi halijavishwa. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni, ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Huwa upande mmoja tu wa tairi, na kuna mafundi wanaougeuzia ndani makusudi. Huo ni wizi. Unamlipisha mtu bei ya tairi jipya kwa mpira uliokaa stoo miaka sita, halafu unamficha ushahidi.

Baya kuliko hilo ni biashara ya kubadilishana. Muuzaji anakwambia rimu zako za kiwandani ni chuma chakavu, anazikatia bei ya kutupa kwenye seti mpya, kesho anaziuza kwa bei kamili kwa mtu anayerudisha ET25 baada ya beringi kufa. Usiziache. Hata ukinunua nyingine, zipeleke nyumbani pamoja na nati zake zote 24, na nati mpya za koni zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza.