Thonny kwa anayeanza: uzoefu wangu wa kugeuza biti kuwa baiti

Vijana wa mtaani kwetu Majengo huja jioni nikawafundisha kuandika programu kwa Python, na chombo ninachowawekea kwenye kompyuta zao ni Thonny. Ni cha bure, kilianzia Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, na kinakuja na Python yake ndani. Ukishakipakua, bando likiisha kazi haisimami. Kwa vijana wanaonunua bando la shilingi ishirini, hilo si jambo dogo.

Lakini kilichonifanya nikipende hasa ni somo la biti, yaani zile sifuri na moja za kompyuta; nane zake ni baiti moja. Zoezi lenyewe ni fupi: una orodha ya sifuri na moja, zigeuze ziwe baiti, nane nane. Anayeanza hupata taabu kwa sababu haoni kinachoendelea ndani ya lupu, yaani mistari inayorudiwa kwa kila biti. Hapa anaona. Unabonyeza Ctrl na F5, kisha F7 hatua baada ya hatua, na Thonny inaufungua mstari kipande kwa kipande: jina la kigeu (kinachohifadhi thamani) linageuka thamani yake, kisha inazidisha, kisha inajumlisha.

Mpwa wangu alikuwa na orodha [0, 1, 0, 0, 1, 1, 0, 1] na ndani ya lupu mstari mmoja tu: n = n * 2 + b, n ikianza na 0 na b ikiwa biti inayosomwa. Pembeni, kwenye dirisha la vigeu, n ikawa yapanda: 0, 1, 2, 4, 9, 19, 38, 77.

"Mjomba, kumbe kila biti ikiingia yazisukuma zilizotangulia!"

Ndiyo hasa. Kuzidisha kwa 2 ni kuzisogeza zote nafasi moja kushoto, na 77 ndiyo namba ya herufi M kwenye kompyuta. Wenzake wakaanza kutafuta biti za majina yao.

Penye kuwatatiza wengi ni hatua ya mwisho. Kijana anaandika bytes(77) akitarajia M, anapata baiti 77 zote sifuri, kwani Python huihesabu namba iliyo peke yake kuwa ni idadi. Itie kwenye mabano ya mraba, bytes([77]), M inatoka. Dirishani tofauti hiyo haijifichi: moja ni mlolongo mrefu wa sifuri, nyingine ni herufi moja.

Kasoro zipo. Orodha ikiwa ndefu, F7 inachosha mkono. Tumia F6 uruke usivyotaka kuvichungulia. Tena Thonny haiwezi kukwambia biti zako zaanza upande gani. Orodha ile ile ikisomwa kutoka mwisho inatoa 178, na hakuna onyo lolote. Vivyo hivyo orodha isiyogawanyika kwa 8: zikibaki 01001, lupu inakupa 9, ilhali ukijaza sifuri kulia zifike nane unapata 72. Lazima umuulize aliyetoa data alikusudia nini.

Kama nyota ni tano, naipa nne na nusu. Iko njia ya mkato, int("01001101", 2), inayotoa 77 papo hapo, nami naijua. Ila siwaonyeshi mpaka kila mmoja ameitazama n ikipanda na ameweza kunieleza kwa nini baada ya 4 inakuja 9.