Wamechukua pesa yangu ya miezi mitatu, sasa wanadai antena

Kampuni ya intaneti iliyokuwa inatuhudumia huku upande wa Kasapa imefilisika, na habari hiyo peke yake ningeivumilia. Biashara hufa. Hapa Lubumbashi tumeona maduka mengi yakifungwa, hata ya watu waaminifu. Lakini siku chache tu kabla ya kufunga, msichana wao wa dirishani alipokea dola zangu za miezi mitatu, akazikagua noti moja moja, akanirudishia moja iliyochanika kidogo pembeni. "Mama, hii haipiti." Nikambadilishia. Noti ile hainitoki kichwani. Wanajua kampuni inakata roho, na bado wananichagulia noti nzuri!

Nina kaduka ka fotokopi na kuchapa. Wateja wangu ni wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Mtu anakuja mbio, TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, iko kwenye barua pepe, profesa ametuma masahihisho asubuhi na anataka kurasa mkononi mchana. Bila intaneti namwambia nini? Nililipa mbele kwa sababu walikuwa wametangaza punguzo kwa atakayelipa miezi mitatu kwa mpigo. Kila nikilifikiria punguzo lile, hasira inapanda upya. Walikuwa wanakusanya cha mwisho.

Mtandao ulikatika usiku. Nilidhani ni SNEL, wale wa umeme, kumbe umeme upo, taa ya modemu tu ndiyo nyekundu. Namba yao ya huduma iliita bila kujibiwa, baadaye ikazimwa kabisa. Nilipofika biro yao nilikuta mnyororo getini na karatasi ya Kifaransa: kampuni haiwezi tena kulipa madeni yake, mali zimewekwa chini ya sindiki, msimamizi wa mali za kampuni iliyofilisika. Zamu, mlinzi wa getini, akaniambia kwa upole, "Mama, hata sisi hatujalipwa." Huyo sina neno naye.

Ndipo akatoka ndani bwana mmoja wa wale wakubwa. Hakunisalimia. Akauliza jina langu, akatazama orodha yake: "Antena bado iko kwako? Ni mali ya kampuni, irudishe kabla ya wiki kuisha." Nikamuuliza, na dhamana niliyolipa siku mlipoifunga? Na hii miezi mitatu? Akajibu, "Andika barua," akanigeuzia mgongo. Mimi ni mama wa watu, nimezidi umri wake, nimesimama juani na risiti mkononi, na yeye ndiye anayenidai mimi! Mtu mwenye deni lako hata salamu anakunyima?

Haki niiseme. Kwa miaka yote niliyokuwa nao, rezo yao, yaani mtandao, ilikuwa nzuri kuliko mega (data) za simu, hata masika yakiwa makali. Radi iliwahi kupiga upande wetu, na fundi wao akapanda juu ya paa langu kabla matope hayajakauka. Akatengeneza, akakataa hata pesa ya soda. Nikimfikiria yeye naona aibu kuisema vibaya kampuni nzima. Mafundi kama yule nao wanadai mishahara, na sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, inawatanguliza wafanyakazi mbele yetu sisi wateja. Sawa kabisa. Nyuma ya fundi yule nitapanga mstari bila kunung'unika.

Lakini sheria hiyohiyo inaipa kampuni iliyoshindwa kulipa siku 30 iende kujitangaza mahakamani. Sasa nani alitoa amri dirisha lile liendelee kupokea pesa zetu? Msichana alikuwa anatumwa, nafikiri. Au naye alijua. Sijui nimhurumie au nimkasirikie.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya mafundi. Nimefika hapa nazifuta zote.

Majirani wananiambia ninunue Starlink, intaneti ya setilaiti, kwa kuwa ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, iliiruhusu mwaka 2025. Ushauri mzuri, ila pesa ya kununulia kifaa ndiyo ile iliyobaki kwao. Kwa sasa nagawa mega za simu yangu kwa kompyuta mbili, na wanafunzi wanangoja kurasa zifunguke huku wengine wakienda zao kwa jirani.

Antena haitatoka juu ya paa kwa neno la yule bwana. Nitamkabidhi sindiki mwenyewe, anipe karatasi yenye muhuri, na siku hiyohiyo nitaandikisha deni langu kwake. Ninyi wengine mliolipa msikae kimya, maana deni lisiloandikishwa kwa sindiki ndani ya muda wa sheria linapotea. Mwenye risiti aje nayo kwangu, nitamtolea fotokopi bure, twende kuandikisha pamoja.